Papai Lililolazwa Hemani

Kusini hii yote, kuanzia Masasi mjini mpaka huku juu Newala, hakuna mwanamume anayejua mambo ya mahema kunizidi mimi Ashiru! Nasema bila aibu, maana aibu yote niliyozaliwa nayo niliimaliza mchana mmoja, uani kwa mama mkwe wangu.

Elimu yangu ya mahema si ya kubahatisha. Niliwahi kufanya kibarua porini na wapima madini, nikawalindia mahema yao. Kulala ndani sikuwahi, nilikuwa nalala nje kwenye kiroba. Lakini nilikuwa nayatazama mpaka kunakucha, na kutazama ni nusu ya kujua. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonivua nguo.

Mambo yalianza hivi. Mke wangu Rahima alikwenda kwao Newala kujifungua, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza. Mungu akatujalia binti, Shamila. Nikasubiri warudi. Nikaambiwa mtoto bado mchanga. Nikasubiri tena, nikaambiwa baridi. Baridi ikaisha, nikaambiwa anaota meno! Shamila akafika miezi saba, mimi ananijua kama yule mtu wa kwenye simu.

Na korosho nazo zikaanza kudondoka shambani kwangu Lupaso. Msimu wa korosho mtu halali mjini. Unahamia shamba, unaokota mwenyewe, la sivyo wapo wenye huruma watakaokuokotea bila kukuamsha. Kibanda changu cha shamba kilikuwa kimeanguka paa, panya wamejimilikisha. Nikaona kabisa msimu mzima unapita, mwanangu anajifunza kutambaa mimi sipo. Iliniuma, sifichi.

Ndipo nikaliona hema sokoni Masasi. La bluu, lina zipu, lina madirisha ya nyavu! Nikalinunua pamoja na godoro la kujaza upepo, mito minne, na blanketi la manyoya lenye picha ya chui. Nikapanda basi la Newala nimelipakata hema mapajani, nikimweleza kila abiria kwamba mimi ni mtu wa kambi.

Kumbe kumchukua mtoto si kwenda na hema tu. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, baba unashangilia pembeni. Mwenye kauli ni mjomba. Na mjomba wa Shamila ni Muharami, kaka mkubwa wa Rahima, mtu asiyecheka mpaka awe amefikiria kwanza.

"Shikamoo, shemeji," nilimwambia.

"Marahaba. Hicho kiroba cha bluu ni nini?"

"Nyumba!" nikajibu. "Nimekuja kuichukua familia yangu twende Lupaso. Mtoto atalala humu kama malkia."

Nikalisimamisha hapohapo. Palikuwa na kivuli kizuri cha mkorosho pembeni mwa ua, lakini kivulini nani angeliona? Nikaliweka katikati ya ua, juani, mkabala na barabara. Kigingi kimoja kilikuwa kimepotea, nikaifunga kamba yake kwenye tawi la ule mkorosho. Ufundi huo! Nikalijaza godoro upepo mpaka likanuna, nikapanga mito kuzunguka, nikamtandaza chui wangu juu.

Rahima akachungulia, akashika kiuno. "Baba Shamila, kliniki walituambia mtoto alale chali, peke yake, mahali pagumu palipo sawa. Asizungukwe na mito. Godoro hilo mtu akijigeuza mtoto anazama."

"Kliniki wanalala hemani?" nikamuuliza.

Akamtazama kaka yake. Muharami akafikiri, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na papai. Papai lenyewe limeiva mpaka ukiliangalia kwa hasira linapasuka.

"Shemeji," akasema, "mtoto hajaribiwi. Huyu ndiye Shamila wa leo. Lala naye hemani mchana huu. Mimi nakwenda msikitini, nikirudi nikimkuta mzima, mchukue mkeo, mchukue mwanao, nendeni Lupaso. Nikimkuta vingine, mtoto atabaki hapa mpaka korosho ziishe."

Nilicheka! Mwanamume mzima napewa mtihani wa kulala usingizi! Rahima akalivika papai kofia ya sufu ya Shamila, akalifunga kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akachukua ndoo, akaenda bombani. Nikaingia hemani na binti yangu, nikafunga zipu.

Sasa nikafahamu kwa nini kitu kile kinaitwa hema. Ukiwa ndani unahema! Jua la Newala lilikuwa limekaa juu ya kile kitambaa kama limelipia kodi. Nikavua shati. Nikahema. Nikavua suruali. Nikabaki na bukta moja ya zamani, kiunoni imetoboka, ya kuvaliwa na mtu asiyetegemea wageni.

Nikamlaza binti yangu katikati, kati yangu na mito. Nikamfunika chui. Nikajiambia, Ashiru, usilale, funga macho tu.

Nilipoyafungua, nilikuwa nimelowa mgongoni. Godoro lilikuwa limepungua upepo polepole, katikati pamekuwa bonde, na bondeni humo nilikuwa nimelala mimi. Nikapapasa kushoto, mto. Nikapapasa kulia, mto. Nikainuka taratibu, nikasikia kitu kikinibanduka mgongoni.

Kofia ilikuwepo. Mwenye kofia hakuwepo! Zilibaki mbegu nyeusi na uji wa manjano kuanzia shingoni kwangu mpaka kiunoni.

Hapo sikucheka. Nilikaa nikaitazama ile kofia ndogo ya sufu. Nikawaza lingekuwa siyo papai. Nikamshukuru Mungu na mpapai wake.

Lakini binadamu ni binadamu. Dakika hiyohiyo nikawaza kwamba mpapai uko nyuma ya nyumba, na mapapai yanafanana! Nitoke mbio, nichume jingine, nilivike kofia. Muharami atajuaje? Nikavuta zipu kwa nguvu za mwizi. Ikafunguka upana wa kiganja, ikang'ata kitambaa, ikagoma. Nikavuta juu, ikagoma. Nikavuta chini, kile kishikio kikabaki mkononi mwangu!

Na hapo ndipo nikasikia kandambili zikija uani, taratibu. Mama mkwe. Anatembea na Shamila mgongoni.

Mnajua mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana huku. Njiani nikimwona napisha. Kwenye salamu natazama chini. Kusema naye ana kwa ana, hiyo haipo. Naye mimi hanisemeshi, akiwa na neno la kwangu anampa mtu aniletee. Na siku ile uani hapakuwa na mtu mwingine ila Shamila.

"Shamila," akasema mama mkwe kwa sauti ya juu, "mbona nyumba ya baba yako inatikisika?"

Nikajibu kupitia mwanya wa zipu. "Shamila mwanangu, mwambie bibi yako shikamoo. Mwambie baba anakunja blanketi."

"Shamila, mwambie marahaba. Mwulize baba yako papai halijambo?"

"Mwambie... amelala!"

"Agaa!" Hilo lilikuwa jibu la Shamila mwenyewe.

Ningeweza kukaa humo mpaka Rahima arudi bombani, nijieleze kwa mke wangu, yaishe. Lakini mkorosho una wenyewe. Wako majimoto, wale wadudu wekundu wanaokaa kwenye matawi, wakiuma unataja majina ya waliokufa. Nao walikuwa na kamba. Kamba niliyowafungia mimi mwenyewe, kutoka tawini moja kwa moja hadi mlangoni kwangu, na mlangoni pana nafasi ya kiganja, na ndani pana mtu aliyepakwa papai!

Wa kwanza aliniuma bega. Nikavumilia, kwa heshima ya ukwe. Wa pili akaniuma mahali ambapo bukta ilitoboka.

"Yalaaa!"

"Shamila, mwulize baba yako kulikoni!"

"Shamila, mwambie bibi afumbe macho! Mwambie afumbe macho, baba anatoka!"

Sikutoka. Niliondoka na hema! Nilisimama nalo, vigingi vikang'oka, kamba ikakatika, nikaanza kukimbia humo ndani bila kuona mbele wala nyuma. Nilipita kwenye korosho zilizoanikwa, nikapita kwenye kuku. Nikasikia mama mkwe akipiga kelele, "Shamila, mwambie kushoto! Kushoto kuna shimo!" Shamila hakuniambia. Nikaingia kwenye shimo la takataka, hema likapasuka mshono mlangoni, na kichwa changu kikatokea nje.

Mbele yangu alisimama Muharami, ametoka msikitini, na wazee wawili aliowaleta wawe mashahidi. Nyuma yao Rahima na ndoo kichwani.

"Shikamooni," nikasema, kichwa peke yake.

Muharami akafikiri. Akaingiza mkono hemani, akatoa kofia ya sufu. Mbegu tatu zikadondoka. Wazee wakavua kofia zao.

"Msiba huu tutauzika wapi?" mmoja akauliza, ndipo Muharami akacheka mpaka akakaa chini. Rahima hakucheka. Alinirushia kanga nijistiri, kisha akachukua ile kofia akaikumbatia kifuani. Nikamwambia kweli kabisa, mbele ya watu, "Mke wangu, kliniki walisema sawa."

Nikakubali yaishe. Nikajua msimu huu naokota korosho peke yangu. Nilikwenda kuoga, na niliporudi nimevaa, nimetulia, nikakuta maajabu. Hema limesimama tena, safari hii kivulini mwa nyumba, mbali na matawi. Mshono umeshonwa. Mito imetolewa nje, chui ameanikwa kwenye kamba. Ndani pametandikwa mkeka, juu yake kigodoro kigumu kidogo na shuka iliyokazwa, basi. Madirisha yote yamefunguliwa, nyavu zimefungwa vizuri, upepo unapita. Na Shamila amelala humo chali, peke yake, anakoroma kidogo. Nilichuchumaa kwenye wavu nikamtazama, nikasikia raha mpaka nikasahau majimoto.

Muharami akanishika bega. "Shemeji, hema limefaulu. Aliyefeli ni wewe."

"Kwa hiyo mtoto anakuja Lupaso?"

"Anakuja. Na mama yake."

Niliruka! Nikamshukuru Muharami, nikawashukuru wazee, nikaanza kueleza jinsi nitakavyolipanga hema upande wa mashariki, mimi nikilala mlangoni kama mlinzi. Nilikuwa bado naeleza mama mkwe alipotoka ndani, amebeba begi lake la safari na jembe la mkono. Shamila alikuwa ameamka kwa kelele zangu. Bibi yake akamtoa hemani, akamweka begani, akageukia mkorosho ili asinitazame.

"Shamila mjukuu wangu," akasema, "mwambie baba yako hema lake limechorwa vichwa vitatu kwenye mfuko wake, maana yake linalaza watu watatu. Tuhesabu. Wewe kimoja, mama yako kimoja, bibi yako kimoja. Na kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawalali karibu, yeye atalala kule mpakani mwa shamba, kwenye lile godoro lake la upepo."

"Lakini hema ni langu!" nikapiga kelele, nikasahau adabu yote. "Shamila, mwambie bibi yako hema ni la baba!"

Shamila akanitazama vizuri, tangu kichwani mpaka kandambili. Kisha akajificha shingoni kwa bibi yake, akacheka.