Mlango wa Jiko la Ustawi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Katibu wa Kamati hiyo, ambaye yuko likizo na kwa hiyo ni mimi tena. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, wakuu wasaidizi, na wale wanaokaimu ukuu huku wakisubiri barua. Ndugu makarani, madereva, matarishi, walinzi na wafagizi. Mabibi na mabwana. Wadau wote mliofika kwa hiari yenu baada ya kusainishwa rejista pale mlangoni: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mtu anapiga miayo kwa sauti.)

Tuliwaita saa nne asubuhi, nami nimefika saa saba na nusu, kwa sababu nilikuwa nyumbani kwangu nikipata chakula taratibu, nikitafuna kila tonge mara thelathini kama wataalamu wanavyoshauri, na ndiyo maana naitazama saa yenu ya chakula ikipita mbele ya macho yangu nikiwa na moyo mkunjufu kabisa.

Ndugu zangu, leo tunazindua Jiko la Ustawi, mradi wa kimkakati, jumuishi, shirikishi na endelevu, unaolenga kumwezesha mfanyakazi kufikia balansi ya laifustaili kwa kupitia upishi rahisi wa nyumbani, jambo ambalo kwa lugha ya kawaida huitwa utekelezaji wa afua mtambuka za lishe, na kwa lugha ya kitaalamu huitwa kuchemsha viazi. Mlango wa jiko hilo ndio huu hapa nyuma yangu, wa mbao, rangi ya kijani, na utepe mwekundu juu yake. (Watu wanainua shingo.) Tulieni, tutaufikia.

Naona mkono umeinuliwa safu ya mbele. Ni mama mfagizi wa ghorofa ya pili, ambaye ofisi nzima mnamwita Shangazi, na amekuja na sufuria. (Shangazi: "Mheshimiwa, mimi nataka jiko langu tu. Wiki ya tatu hii.") Ahsante, Shangazi. Maswali ni mwisho, na mwisho hauko mbali sana ukiulinganisha na mwaka wa fedha ujao.

Kwa faida ya wageni nieleze. Kwa miaka sita huyu mama alikuwa na jiko dogo chini ya ngazi, jiko lenyewe mguu mmoja umefungwa kwa waya, na kila adhuhuri alichemsha maharage yasiyo na mafuta na mboga zisizo na chumvi, kwa kuwa daktari alimwambia presha yake haitaki mchezo. Basi wenzake kumi na mmoja wakawa wanamsogelea na sahani zao, huyu na kitunguu, yule na viazi viwili, wanakula, wanataniana, kisha wanarudi kwenye meza zao bila kusinzia. Sasa nawauliza, jambo lile lilikuwa na dira? Lilikuwa na nembo? Lilikuwa na fremuweki ya ufuatiliaji na tathmini? (Sauti kutoka nyuma: "Lilikuwa na chakula!") Tarishi, nimekusikia, na jina lako nimeliandika.

Hatukukurupuka. Tuligawa dodoso lenye swali moja la kisayansi, fupi, lisilo na kona: "Je, unalo jiko?" Na majibu, ndugu zangu, yalitugusa. Karani wa masjala aliandika: "Bado, ila mama ananisukuma nipate kabla mwaka haujaisha," nasi tukaguswa na mzazi anayejali vyombo kiasi hicho. Mlinzi wa geti aliandika: "Ninalo, lakini limerudi kwao tangu Jumapili," tukahitimisha kwamba majiko ya walinzi ni ya kuhamishika. Dereva wangu akaandika: "Ninayo mawili, tafadhali la kwanza lisijue." Wataalamu wetu mpaka leo wanatafiti jiko linajuaje. (Kicheko kinavunja ukumbi. Dada wa mapokezi, mke wa dereva, anageuza shingo taratibu. Dereva anainama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.)

(Tarishi: "Mheshimiwa, watu walidhani mnauliza habari za kuoa!") Ndoa, ndugu tarishi, zimepangiwa dodoso lake. Hili lilikuwa la lishe, na lilibainisha bila shaka yoyote kwamba asilimia themanini na tisa nukta nne ya wafanyakazi wetu wanalo jiko, wengine zaidi ya moja, hivyo lile la chini ya ngazi likaonekana ni la ziada, na likaondolewa kwa heshima zote, likiwa bado la moto.

(Shangazi: "Na maharage yangu yalikuwa juu yake! Tangu siku ile nakula vya kukaanga pale nje ya geti, sina pengine. Juzi nimeanguka na ndoo mkononi. Nesi ameniambia nikiendelea hivi ataniandikia kitanda.") Pole sana, mama. Hiyo tunaiita changamoto ya kipindi cha mpito, na ipo kwenye ripoti, ina kisanduku chake chenye kivuli.

Lakini tusitazame mabaya tu! Mimi binafsi nimehudhuria semina kumi na saba kuhusu namna ya kupunguza semina. Nimefundishwa kuvuta pumzi kwa awamu. Nimebuni, peke yangu, mwongozo wa kugawa siku ya mfanyakazi, kwamba saa nane ni za kazi, saa nane ni za mapumziko, na hizo nane zilizobaki zitatolewa waraka. Na matokeo ya majaribio ya Jiko la Ustawi yamewashangaza hata walioyatunga: asilimia mia moja ya washiriki wameshuka presha, wanalala fofofo, na suruali zimeanza kuwapwaya! (Makofi. Karani wa masjala: "Washiriki ni akina nani, Mheshimiwa? Mbona hatuwajui?") Hiyo ni siri ya kitabibu.

Sasa kaulimbiu, simameni wote, hata wenye kizunguzungu. Nikisema "Jiko!" mnajibu "Letu!" Jiko! (Umati: "La Shangazi!") Letu, ndugu zangu, letu. Jiko! (Umati, kwa nguvu zaidi: "La Shangazi!") Naona vipaza sauti vina hitilafu. Ustawi! (Ngurumo inasikika, si makofi, ni matumbo.)

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mpigapicha, aliyelipiga picha jiko la Shangazi kutoka pembe tatu, hata kwenye ripoti, ukurasa wa kumi na nne, yakaonekana majiko matatu ya kisasa. Namshukuru fundi seremala, aliyekuja jana jioni akaupigilia mlango huu ukutani kwa ustadi mkubwa, maana chumba chenyewe, kama ilivyo kwa miradi yote mikubwa, kitafuata. Tafadhali msiuguse, misumari ni mifupi. (Tarishi anasogea mbele, anaugusa. Mlango unaanguka na utepe wake. Nyuma yake ni ukuta mtupu, na chaki ya fundi imeandika: "Hapa.")

Msishangae, ni hatua ya awali. Na kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu, ambaye kwa wiki tatu sasa amenichemshia viazi na mboga bila chumvi, saa saba kamili, juu ya jiko dogo ambalo ofisi ilinikabidhi kwa uhifadhi, jiko zuri mno, moto wake mpole hauunguzi, ingawa mguu mmoja umefungwa waya. Ndiyo, ndugu zangu, mshiriki ni mimi! Hiyo asilimia mia moja ni mimi! Presha yangu leo ni ya kijana wa miaka ishirini!

(Shangazi: "Waya ule niliufunga mimi, kwa mikono yangu.")

(Shangazi anasimama na sufuria yake. "Dereva, kwa Mheshimiwa unapajua?" "Napajua, Shangazi, twende hata sasa hivi," anajibu dereva, ambaye anatamani safari yoyote itakayomtoa humu. Wale kumi na mmoja wanasimama na sahani. Kisha safu ya pili. Kisha ukumbi mzima, dada wa mapokezi akiwa mbele kabisa, karibu na dereva.)

Jamani, kaeni, sijafunga kikao! Nani amewaruhusu? Hilo ni gari la serikali! Haya, ahsanteni sana kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, ustawi oyee... Haloo? Haloo, mama watoto? Funga geti.