Hoteli Haijui Inashughulika na Nani

Jumatatu, 3 Juni

Elfu tisini! Usiku mmoja! Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, kalipa elfu tisini kulalia kitanda ambacho asubuhi atakiacha palepale. Na risiti kaibandika kwenye kundi la familia, pamoja na picha ya bwawa la kuogelea. Mama mkwe kajibu kwa maua. Mtu huyu ni mhasibu. Watu wazima wanampa hesabu zao!

Harusi ni Jumamosi, ya shemeji yangu wa kiume, kitindamimba wa kina mke wangu, kwenye mji wa mbali kiasi kwamba lazima tulale huko Ijumaa. Mke wangu ndiye mbeba pete. Mama mkwe hamwamini mwingine.

Mimi nilianza na misumari juu ya turubai, kando ya barabara. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi lenye milango miwili. Sikufika hapa kwa kulipa bei ya kwanza. Nimepata tovuti: unachagua nyota, unachagua eneo, unataja dau lako mwenyewe. Hoteli ikikubali, pesa inakatwa hapohapo, ndipo unaambiwa jina lake. Pesa hairudi. Ni mchezo wa watu wenye roho.

Mke wangu kanikumbusha nyumba ya wageni ya mwaka jana, tulipozuia mlango kwa kiti, na mimi juu ya kiti. Kasema nikimwaibisha tena, namba ya siri ya pesa zetu inahamia kwake jumla, na yeye atarudi nyumbani kwa gari la dada yake. Nimekubali. Nimeshindwa lini mimi?

Jioni kapiga simu mkandarasi fulani. Hatujawahi kuonana, tunajuana kwa sauti tu, mzigo nampakilia kwenye lori. Alinibana kwenye bei ya vitasa arobaini hadi nikampa vya daraja la tatu. Sasa eti vinakwama. Nimemweleza kwa upole: kwa bei ile, kitasa kinafunga. Kufungua ni bei nyingine.

Jumanne, 4 Juni

Dau la kwanza. Nyota nne, katikati ya mji, elfu thelathini. Limekataliwa kabla sijashusha kidole! Hata mimi humpa mteja wa hovyo nafasi ya kujiondokea mwenyewe. Tovuti inasema siruhusiwi kutaja dau jingine kwa eneo hilo mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo bibi harusi atakuwa ameshazoea kupika kwake.

Dukani kaja mama mmoja kutaka ndoo ya rangi kwa nusu bei. Nusu! Nikamwonyesha kibao changu: BEI HAIPUNGUI. Watu hawana haya.

Jumatano, 5 Juni

Nimewapata! Sheria yao ina tundu. Ukiongeza eneo la pili, unaruhusiwa kutaja dau upya. Sasa sikiliza akili hii: unaongeza eneo lisilo na hoteli ya nyota nne hata moja. Hawana pa kukupeleka ila katikati ya mji palepale ulipotaka. Umepata dau la pili bure.

Nimechagua Viwandani. Nilimuuliza kwanza dereva wa lori, anayepita huko, kama kuna hoteli. Alicheka mpaka akakohoa. Kasema Viwandani kuna kiwanda cha chakula cha kuku, kiwanda cha magunia, na mbwa. Mara ya mwisho alipita lini? Sikuuliza, nilikuwa na haraka.

Katikati ya mji pamoja na Viwandani, elfu arobaini na mbili. Wamejibu kwamba wanalishughulikia. Mke wangu kaniuliza nacheka na nani. Nikamwambia hoteli haijui inashughulika na nani.

Alhamisi, 6 Juni

WAMEKUBALI! Nyota nne kwa chini ya nusu ya bei ya Mhasibu! Nimeandika kwenye kundi kwamba sisi wengine pia tutalala pazuri, ila tutabakiwa na nauli. Mhasibu kauliza hoteli gani. Nikataja jina. Hakuna anayeijua.

Nikafungua ramani.

Nimekaa juu ya ndoo ya rangi kwa muda.

Iko Viwandani. Imefunguliwa mwezi huu. Lakini mpya ni safi, na safi ndiyo nyota yenyewe. Mke wangu sijamwambia. Namwandalia jambo la kumshangaza.

Ijumaa, 7 Juni

Kashangaa.

Hoteli ni mpya mno. Ghorofa ya juu bado ina mafundi na ngazi za mbao. Plasta haijakauka, na mke wangu kaacha alama ya kiwiko ukutani. Harufu ya chakula cha kuku inaingia bila kubisha. Bwawa lipo, mimi si mwongo. Halina maji, lina mifuko ya saruji. Nimemwambia mwenzangu kwamba maji yangemharibia nywele za harusi.

Kamgeukia kijana wa mapokezi, kamuuliza nani aliwapa nyota nne. Kijana kasema kwa adabu kwamba fomu iliuliza, bosi akajaza.

Lakini kitanda! Kitanda ni kizuri, na yeye mwenyewe kakiri kwa kusinzia bila kunisema. Nimeokoa elfu arobaini na nane. Kitasa cha bafuni nakiona kama sura ninayoifahamu. Si kitu, vitasa vyote vinafanana.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi mke wangu kaingia bafuni kujipamba, na pochi. Ndani ya pochi, pete. Baada ya muda nikasikia mlio wa kitasa kikizunguka. Kikazunguka tena. Kisha sauti yake, tulivu kupita kiasi: “Baba Watoto, hiki kitu kinazunguka, lakini mlango haufunguki.”

Nikavuta. Nikasukuma. Nikambembeleza mlango. Mama mkwe akapiga simu: ukumbi umejaa, bwana harusi anatoka jasho, pete ziko wapi? Nikamwambia ziko njiani, zimebakiza mlango mmoja tu.

Mhasibu akaja kutuchukua, na suti yake. Akasimama chumbani akitazama ukuta wenye kiwiko. Wa mapokezi naye akamwita mkandarasi kutoka juu. Akashuka na kofia ya ujenzi, akashika kitasa, akakitukana kitasa, akamtukana na mama wa kitasa. Akasema kuna tapeli mmoja wa mji wa mbali alimuuzia takataka hizi, na leo atamwambia kitu ambacho hatakisahau. Akatoa simu, akapiga.

Simu yangu ikalia.

Inalia wimbo, tena wa nguvu, kwa ajili ya kelele za dukani. Nikaikata. Akapiga tena. Ikaimba tena, ndani ya koti langu la harusi. Watu watatu wakanigeukia. Na kutoka bafuni ikaja sauti ileile tulivu: “Pokea, mume wangu. Ni mteja.”

Nikapokea. Sijui kwa nini. Nikamsikia mara mbili, sikioni na mbele yangu.

Alipomaliza, aliuvunja mlango kwa bega. Naamini lilikuwa bega la kunipigia mimi. Mke wangu akatoka amependeza, pochi mkononi, akapita kama vile mimi ni fundi wa bomba. Pete zilifika ukumbini baada ya hotuba mbili zilizotungwa palepale kusubiri. Mama mkwe hakunitazama. Shemeji alinikumbatia akiwa amelowa jasho.

Hoteli imenidai mlango: elfu hamsini na tano. Mhasibu akajumlisha kwa sauti, bila kuombwa: elfu tisini na saba. Akaongeza kwamba kwake palikuwa na chai ya asubuhi.

Namba ya siri nimeikabidhi kwenye meza ya keki. Mke wangu karudi kwa gari la dada yake. Mimi kwa basi, na kitasa mfukoni. Kinarudi dukani, watafungwa wengine nacho.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Mbinu haina kosa. Kosa ni la dereva. Tena mlango si malazi, mlango ni ujenzi, hesabu yake ni nyingine kabisa. Ukiutoa mlango, Mhasibu nimemshinda kwa elfu arobaini na nane, na hakuna risiti itakayobadili hilo.

Mkandarasi kapiga. Anataka vitasa arobaini vipya, vizuri safari hii. Kanibana bei tena, mtu yule ana roho ngumu. Tumeelewana. Nampelekea daraja la pili. Vinafungua. Mara nyingi.

Imebaki namba ya siri. Asubuhi nilimwomba mke wangu elfu kumi ya vocha. Kakataa kabla sijamaliza neno. Kasema nisiombe tena vocha mwezi huu. Sawa. Kesho naomba elfu kumi ya vocha pamoja na chumvi.

Chumvi tunayo.