Maji ya Nyuki kwa Mguu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mguu wa mama mkwe umevimba kama unga uliotiwa hamira. Hatimaye, nimepata mgonjwa! Kitabu changu cha homeopathi nimekisoma mara mbili, nusu ya kwanza. Kinasema ugonjwa si kidonda, ni nguvu ya uhai iliyoyumba. Na kinachomdhuru mzima ndicho kimponyacho mgonjwa. Nyuki huvimbisha. Basi nyuki ataondoa uvimbe! Shemeji, mdogo wa mke wangu, muuguzi, anataka mama apelekwe hospitali leo leo. Sare nyeupe tu, kiburi kilo hamsini! Nimemsihi mke wangu anipe siku tatu. Kakubali shingo upande.

Jumanne, 4 Machi
Nimekamata nyuki mmoja. Wanne wamenikamata mimi. Jicho la kushoto halifunguki. Nimemloweka marehemu kwenye spiriti. Tone moja ndani ya maji, tikisa mara mia. Tone la hayo ndani ya maji mengine, tikisa tena. Mara kumi na mbili! Mkono umekufa ganzi. Shemeji kachungulia, kasema humo hamna nyuki tena. Nikamwambia ndiyo maana ni kali: kadiri dawa inavyopungua, ndivyo nguvu inavyozidi. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Mjinga!

Jumatano, 5 Machi
Nimempa mama mkwe chupa yake. Kisha mahojiano, maana mgonjwa hutibiwa mzima mzima, si mguu peke yake. Hofu zake? Ndoto zake? Nikauliza, “Mama, nini kinakukera?”
“Wewe, mwanangu.”
Aliendelea dakika arobaini. Daftari limejaa.

Alhamisi, 6 Machi
Mguu mwekundu, homa juu. Safi! Kitabu kinasema hali huzidi kabla ya kupona. Nilipiga makofi. Mke wangu akanirushia kandambili, ikanipata jicho zima. Shemeji akaita teksi, wakamwondoa mgonjwa wangu huku dawa inafanya kazi! Nimegomba uani peke yangu hadi sauti ikakauka.

Jumamosi, 8 Machi
Hospitali wametoa kipande cha chupa unyayoni. Daktari kasema siku mbili zaidi na mguu ungekatwa. Nilikaa kwenye benchi la korido. Mke wangu haniangalii. Mama mkwe akaniita, akanishika mkono, akaniambia nisijilaumu: matone yote alimwaga kwenye sinki, hakuonja hata moja. Nilitoka bila kuaga. Usaliti!

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe amerudi, anatembea. Wote wanamsifu shemeji. Nimekosa hamu ya kula kwa hasira. Kisha, nikinyoa ndevu, nikaelewa! Dawa ikipungua, nguvu huzidi. Mama mkwe hakunywa hata tone. Basi alipata dozi kali kuliko zote! Nilikwenda kumweleza shemeji, akanifungia mlango usoni. Wivu mtupu.
Jirani ana kikohozi. Kesho naanza kumnyima dawa, mara tatu kwa siku.