Saini Mia Mbili za Kufuta Uchaguzi

Jumatatu, 3 Machi
Diwani kaniita. Amechoka kupigiwa kura. Anataka uchaguzi wa kata ufutwe, awe anateuliwa tu. Sheria inadai saini mia mbili za wananchi wanaokubali. Kikao cha maoni walikuja watatu, wawili wakikwepa mvua. Nikamwambia aniachie mimi. Akagusia ukatibu wa kata. Katibu, mimi!

Jumanne, 4 Machi
Saini mia na tisini na tisa! Kalamu nne, mikono miwili. Majirani nimewamaliza, hata fundi cherehani, Mungu amrehemu. Ilibaki moja, nikaweka ya kaka. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyesaini ripoti zangu za shule. Zile mbovu nilizisaini mwenyewe, kwa mkono wake. Kaka ni wa chama cha upinzani, damu damu. Hatujasalimiana tangu uchaguzi uliopita. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Orodha lazima ibandikwe ukutani siku saba. Imeandikwa ukurasa wa pili wa sheria. Sikufika huko. Nimeibandika juu, karibu na dari. Watu wameleta ngazi.

Jumamosi, 8 Machi
Chama chake kimemfukuza kaka hadharani. Msaliti, wamemwita. Kinyozi wa mtaa mzima, leo hana kichwa cha kunyoa. Amekana hadi sauti imekauka, lakini saini ni yake kabisa. Nimeona aibu. Na fahari kidogo, nikiri. Shemeji alikuja analia, akaniuliza kama nilimwona mumewe akisaini. Nikamjibu kwamba siku ile nilikuwa na kazi nyingi.

Ijumaa, 14 Machi
Hoja imepita. Ukatibu kapewa mpwa wa diwani. Haya! Nikaenda kwa kaka kuungama yote. Kufuli mlangoni. Muuza mkaa akasema wamehama tangu juzi, na hawakuaga mtu. Kiti chake cha kunyolea wamekiacha nje. Miaka kumi na miwili alininyoa kwenye kiti hicho bure. Nimekaa hapo nikalia, watu wakipita.

Jumapili, 16 Machi
Simu ya kaka haipatikani. Sina ndugu mwingine. Nikipata neno lake moja tu la msamaha, roho itatulia. Nimewaza sana, na njia nimeiona. Nitaandika barua mwenyewe, aniambie yaliyopita si ndwele. Saini yake naijua vizuri.