Mfumo Mpya wa Simu Ambao Shangazi Yangu Anao Tangu Zamani

Kwa Mkuu wa Ubunifu,
Kampuni Iliyotengeneza Simu Yangu.

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima na simu yako ina chaji. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na rafu ambapo simu yangu hukaa kati ya mashine ya kunyolea na kopo la poda. Juma lililopita, nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, simu ilizimika, ikawaka, ikanitangazia kwamba nimepokea mfumo mpya wenye ubunifu ambao dunia haijapata kuuona.

Ndugu Mkuu, ya dunia siyajui. Nyumbani kwetu tumeshauona. Tunauita shangazi.

Nimelelewa na shangazi, dada yake marehemu baba, na hadi leo naishi naye ingawa nina ndevu zangu mwenyewe. Kwa hiyo nasema kwa ushahidi, kama ifuatavyo:

1. Mnasema simu sasa inamtambua mwenyewe kwa uso. Shangazi hunitambua kwa mgongo, nikiwa bado nje ya geti, na kwa mwendo tu anajua kama leo wateja walikuja. Isitoshe, simu ikishanitambua hufunguka papo hapo. Shangazi akishanitambua ndipo maswali yanapoanza, jambo ambalo kiusalama ni bora zaidi.

2. Mnasema inafupisha ujumbe mrefu. Mjomba alituma waraka mzima kuhusu mvua, magoti yake na mbwa wa jirani. Simu yenu ikanipa muhtasari wa aya tatu. Shangazi alisomewa salamu tu, akasema huyu anataka kuja kukaa. Mjomba alifika kesho yake na godoro, akakaa siku mbili.

3. Mnasema inapendekeza majibu. Binti wa duka la dawa aliniandikia kuniuliza kama Jumapili nitafungua, amlete mdogo wake anyolewe. Simu ikapendekeza nijibu "Sawa". Shangazi, aliyekuwa anapita tu nyuma yangu na sinia la vyombo, alipendekeza ukurasa mzima, zikiwemo salamu kwa wazazi wake na swali la heshima kuhusu umri. Sikuutuma, lakini ubunifu nikiuona naujua.

4. Inajua nilipo wakati wote. Hapa sitaongeza neno. Aliyelelewa na shangazi ameshanielewa.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mfumo wenu unanikumbusha kunywa maji, kunyoosha mgongo na kulala mapema. Tangu uanze, shangazi amenyamaza. Nikirudi haniulizi kama nimekula. Nikikohoa, anaitazama simu kana kwamba zamu sasa ni ya hiyo simu. Na jana nimemkuta akifunga begi lake la kijani, lile ambalo limekaa juu ya kabati tangu niko shule ya msingi. Nilipomuuliza, alisema anakwenda kupumzika, akaendelea kukunja khanga. Ndugu Mkuu, mmemwachisha kazi shangazi yangu. Nyumba imekuwa kimya hadi friji imeanza kunitisha. Nimezoea kulalamika kwamba anaongea sana, na sasa nasema bila haya kwamba naogopa kubaki peke yangu na kifaa kinachonijali kwa betri.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mkiri hadharani kwamba hamjabuni kitu. Pili, kila mfumo utakaofuata uletwe kwanza kwa shangazi aukague, asubuhi, kabla hajaanza kufua. Tatu, simu ikiwaka, nembo yenu ipishe picha yake, ile aliyopigwa kwenye harusi ya dada yangu, maana ile ya kitambulisho hataki hata kuiona. Mkishindwa yote hayo, nirudishieni mfumo wa zamani, uliokuwa haujui lolote, ili begi nalo lirudi juu ya kabati.

Wasalimie wahandisi wote, wapiga chapa, walinzi wa getini, na hasa shangazi zao, ambao bila shaka ndio walioibiwa haya yote.

Ni mimi, mwenye simu erevu na nyumba kimya,
Kinyozi.

Tanbihi, kwa mkono wa shangazi:

Mwanangu Mkuu, huyu kanipa barua niipeleke posta, na mimi sipeleki nisichokisoma. Msirudishe chochote. Nimemwambia alale mapema tangu hajaota hizo ndevu, hasikii. Simu imemwambia mara moja tu, kaenda kulala. Sijanuna, napumzisha koo. Na begi ni la kwenda kwa dada yangu, ambako miaka yote hii nimeshindwa kwenda kwa kukosa wa kumwachia mtoto. Sasa nimempata. Ila humo ndani kuna kitu kimoja kipya kweli, ambacho hata mimi sijawahi kuwa nacho: kile kitufe cha "Nikumbushe baadaye". Kitoeni kabla sijapanda basi.