Bendera za Siku Mbaya

Jumatatu, 6 Oktoba. Paro, Bhutan.

Mkoromo. Mmoja tu, mrefu, wenye mkia mwembamba kama filimbi. Jioni nzima umo masikioni mwangu.

Ilikuwa hekaluni, mbele ya mchoro wa Gurudumu la Uhai. Nilikuwa nimefika katikati ya mnyororo wa visababishi vya mateso, na sauti yangu ilinipendeza hata mimi. Ndipo Jaji Anselmo, mstaafu kutoka Uruguay, akakoroma kwenye benchi. Kutoka uani zikaingia kelele za wageni wa Tenpa, mwongozaji mwenzangu, wakicheka hadi kukohoa.

Na hii ndiyo safari ya uamuzi! Aum Pem, mama mwenye kampuni, ametuambia wazi: mwisho wa safari atateua kiongozi mkuu wa watalii, mimi au Sangay Tenpa. Mabasi mawili madogo, njia moja. Atakayewafurahisha wageni zaidi ndiye. Mimi nina shahada ya falsafa. Tenpa ana meno mazuri.

Wakati wa chakula Tenpa aliniinamia. “Profesa, nasikia umemfikisha mzee wa watu kwenye utulivu kamili kwa nusu saa tu. Watawa wanahangaika miaka!” Dereva wangu, Ap Khandu, nusura ameze tambuu yake. Nilitabasamu kama sanamu. Moyoni, vita.

Lakini nimegundua jambo. Wageni hawataki kuelewa. Wanataka kulia. Basi nitawaliza.

Jumanne, 7 Oktoba. Punakha.

Ushindi! Halafu balaa.

Nilinunua mjini Thimphu kamba ndefu ya bendera za maombi. Kule juu Dochula, barabara inapovuka mlima, nikawagawia wageni kalamu. Kila mtu aandike ombi lake kwenye bendera moja, upepo ulipeleke. Walilia wote! Marit na Solveig, ndugu wawili wa Norway, walikumbatiana. Jaji aliandika kwenye bendera ya njano, akageuka, akapenga kamasi kwa muda mrefu. Nami niliandika langu, kwenye ya kijani iliyo jirani na yake: Rinzin Peday awe kiongozi mkuu.

Tenpa alisimama mbali, mikono ndani ya mikono ya vazi lake. Aliniuliza kama nina hakika na siku ya leo. Nikamwambia wivu utamkausha. Ap Khandu hakutoka garini kabisa.

Tulipofika chini ndipo akasema. Je, binti, siku niliitafuta kwenye kalenda ya mnajimu? Nikamjibu kwamba nimehesabu mwenyewe, kwa vidole, tangu mwezi kuandama. Akafumba macho. Mwezi huu tarehe tisa ya mwezi mwandamo imerukwa! Haipo. Wanajimu wameiondoa. Siku njema ilikuwa jana. Leo ni siku mbaya, na bendera iliyopandishwa siku mbaya hurudisha ombi kinyume, kila upepo unapoipiga.

“Na kule juu, binti, upepo haupumziki.”

Nilimweleza kwamba upepo ni hewa tu, inatoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Akasema ndiyo, huo huo.

Jumatano, 8 Oktoba. Punakha.

Siamini mambo ya siku. Naandika tu yaliyotokea.

Marit na Solveig waliomba anga safi waone vilele vya theluji. Mawingu yameshuka mpaka Solveig ameniuliza kwa upole kama milima hiyo ipo kweli. Kisha pancha. Basi la Tenpa likatupita likiimba. Likiimba lote, na dereva!

Kijijini, kwenye nyumba zenye ule mchoro wa ukutani unaofukuza husuda, nilianza kueleza maana ya ishara ya uume katika kuvunja nafsi. Uso ulinichemka. Tenpa akapita akawaambia wageni wake, “Huyu ni mlinzi wetu. Halali, hali, wala hadai mshahara.” Wageni wangu wakamfuata yeye.

Mchana Aum Pem akapiga simu. Wageni wa Tenpa wameshasema watarudi mwakani wakiongozwa naye. Akaniuliza pia, kwa sauti ya kujali, kama ni kweli mtu alikoroma.

Basi. Ombi langu linarudi kinyume, mchana kutwa. Kila upepo ukivuma, Tenpa anapanda cheo.

Kukata bendera za maombi? Hapana. Huachwa mpaka upepo wenyewe uzimalize. Hata mimi nina mipaka. Lakini hakuna aliyewahi kukataza kuzizuia zisipepee.

Alhamisi, 9 Oktoba. Punakha.

Siku ya akili!

Ng'ambo ya mto palikuwa na mashindano ya mishale, kijiji kwa kijiji. Tenpa hawezi kupita shabaha bila kujinyoosha mabega. Nikawanong'oneza wapigaji kwamba huyu ni bingwa wa bonde lake. Wakamshika mkono. Angekataaje mbele ya wageni? Mashindano yetu huchukua siku nzima, kwa hiyo nilikuwa nimemfunga hapo mpaka jioni.

Wageni wangu nikamkabidhi Aum Zam, binamu ya mama, anayeongoza wanawake wa kuwazomea wapinzani. Nikamwomba awafundishe kazi. Mimi na Ap Khandu tukapanda Dochula, yeye akinung'unika kila kona.

Bendera zilikuwa zinapiga kelele kama nguo za ukoo mzima siku ya kufua. Nilizivuta, nikazikunja pamoja mpaka zikawa kama jamvi lililoviringishwa. Kamba sikubeba. Nikavua rachu yangu, mtandio wa heshima mwekundu wa begani, aliyonifumia mama siku ya mahafali. Nikafunga mafundo magumu. Kimya! Hata bendera moja haikutikisika.

Kurudi, wageni walinirukia kama nimetoka vitani. Siku bora ya safari! Nani aliipanga? Rinzin!

Nilisimuliwa na watu wote kwa pamoja. Tenpa hakugusa shabaha hata mara moja. Wanawake walimchezea mbele ya macho: “Tenpa wee, shabaha iko huku! Huko unakopiga ni kwa mama mkwe!” Na tena: “Macho umeyasahau kwenye mchuzi, au mchumba kakunyang'anya?” Marit na Solveig walijifunza maneno yote bila kujua maana, wakayaimba kwa sauti ya kanisani. Halafu Jaji akainua mkono, uwanja ukanyamaza, akatoa hukumu: “Mahakama imeuchunguza upinde na kuuona hauna hatia. Mkamateni mpigaji!” Aum Zam alimbeba mgongoni.

Tenpa hakula. Alikaa akichua vidole. Nilimpelekea pilipili na jibini, nikamuuliza kama macho yamepatikana. Akacheka. Kwa nini alicheka? Inaudhi.

Ijumaa, 10 Oktoba. Punakha.

Sikufikiria rachu.

Ngome ya watawa haiingiwi bega wazi. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Nilifika langoni na kundi langu, nikiongea, mkono hewani, na askari akanisimamisha. Mpole sana. “Dada, bega hilo ni la kwenda sokoni.”

Nikaazima skafu ya Solveig. Ina picha za ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Askari aliwatazama wale ndege mmoja mmoja kwa heshima. Akasema hapana.

Tenpa akawachukua wageni wote, wake na wangu. Aliniachia tu karanga zake.

Jaji alibaki nami kwa sababu ya magoti. Tukakaa kando ya daraja, mto ukipita chini. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilimuuliza aliomba nini Jumanne.

Mke wake, Celina, alifariki mwaka juzi. Tangu hapo yumo kichwani mwake, wala hamwachi apumzike. Kwa hiyo aliandika: Celina, sasa niache. Na tangu siku hiyo, akasema, jambo la ajabu. Usiku wa Jumanne Celina alimjia ndotoni, wazi kabisa, na aproni yake, akigombana naye kuhusu chumvi. Jumatano akaja tena. Waligombana mpaka wakacheka.

“Jana sikumwona,” akasema. Akaangalia viatu vyake. “Nililala nikimngoja, binti. Niliandika vibaya. Ningejua ningemwambia abaki.”

Nilikula karanga zote za Tenpa bila kusikia ladha.

Kamba ni moja. Bendera yake na yangu zinagusana. Nikimwachia Celina apepee, na mimi napepea. Kinyume.

Jumamosi, 11 Oktoba. Paro.

Tulirudi kwa Dochula. Garini nilikuwa nimeamua kutofanya lolote. Nilikuwa na hoja, na zilikuwa nzuri.

Wageni walikwenda kunywa chai. Mimi nikajikuta kwenye bendera, ndani ya ukungu. Mafundo yalikuwa yameloa na kukaza kama jiwe. Nikatumia meno. Hivyo ndivyo Tenpa alivyonikuta, ncha ya rachu mdomoni.

Hakuuliza. Alishika kamba ili fundo lilegee. Kisha akasema polepole, “Profesa, hizi zinakwenda kinyume. Unajua?”

Nikasema najua.

“Na yako imo?”

Nikasema imo. Akapiga mluzi.

Zilipofunguka upepo ulizinyakua mara moja, kama uliokuwa unazingoja. Ukungu ukapasuka, na kule chini Jaji aliiona ya njano. Akainua kikombe chake juu, akakishikilia hapo muda mrefu.

Naandika hapa wazi ili nisije nikajisingizia wema: ilikuwa mkakati. Mgeni mwenye furaha husema mazuri mbele ya Aum Pem.

Rachu imechanika. Mama asijue.

Jumapili, 12 Oktoba. Paro.

Karamu ya kuwaaga wageni. Jaji alikuja na macho mekundu na uso wa kijana. Akaninong'oneza kwamba jana usiku waligombana kuhusu mapazia.

Aum Pem alisimama, mwiko mkononi. Akatusifu sote wawili. Akasema kiongozi mkuu ni Sangay Tenpa.

Nilipiga makofi. Nilipiga vizuri, nadhani. Marit alinishika goti chini ya meza. Nilikuwa nimelijua hilo tangu Dochula, na bado lilinikata pumzi.

Tenpa hakukaa. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasema anashukuru sana, anasikitika sana, lakini viza yake ya Australia imetoka Jumatano. Anakwenda Perth kwa binamu zake, kutunza wazee. Alikuwa anatafuta namna ya kusema.

Aum Pem alimtazama. Akautazama mwiko. Akageuka kwangu. “Haya, Rinzin. Wewe basi.”

Wewe basi! Kiongozi mkuu! Wageni wakasimama, ndugu wa Norway wakaimba ule wimbo wa mama mkwe, Jaji akatangaza kwamba rufaa haipokelewi. Ushindi mtupu! Bendera zilirudisha kinyume, na kinyume nacho kikarudishwa kinyume. Hakuna mtu nchini aliyepanga jambo kwa undani kama huu.

Jumatatu, 13 Oktoba. Paro.

Kiti cha kiongozi mkuu kinazunguka. Nilikizungusha asubuhi yote.

Aum Pem ameleta mwongozaji mpya kuziba nafasi. Kijana mtiifu, anaandika kila ninachosema, ananiita Bibi Mkubwa. Nilimweleza mnyororo wa visababishi na hakukoroma. Hakutania. Alikubali tu. Saa tatu nzima sikuitwa Profesa hata mara moja.

Nikamwendea Ap Khandu. Nikamuuliza, kwa unyenyekevu, siku mbaya inayofuata ni lini. Alifurahi sana kwamba hatimaye nimeshika dini. Ni leo, akasema. Leo yote. Hata nywele nisioshe.

Nimenunua bendera moja, kubwa. Nimeandika kwa mwandiko wangu bora: Sangay Tenpa aende Australia. Neno salama sikuliweka. Mimi si muuaji. Akibaki atadai cheo chake, najua, na kwa hilo tayari nina mpango mzuri zaidi.

Aum Pem aliisoma, akanikumbatia, akafuta machozi kwa ncha ya mkono wa nguo yake. Hakujua, alisema, kwamba nina moyo wa namna hii. Tenpa aliisoma pia, mara mbili. Akaangalia juu. Akaniuliza kama safari hii siku nimeichunguza vizuri.

Nikamwambia nimeichunguza vizuri sana.

Akaenda nyuma ya ofisi, akarudi na ngazi. Bendera nimeshaifunga juu ya paa, kwenye kona inayopigwa na upepo kuliko zote. Ngazi alinishikia mwenyewe.