Ombi la Kumzuia Mama Mkwe Asiendelee Kunitetea

Ndugu Wasimamizi wa Tovuti ya Shajara,

Poleni na kazi. Mimi ni fundi friji, na ndimi ninayeandika ile shajara iitwayo "Moyo Ubaridini" mnayonitunzia huko mtandaoni. Naandika kwa heshima zote kuwaomba mumwondoe msomaji wangu mmoja. Wengine wabaki, ni wachache na hawana neno.

Kwanza nieleze kwa nini mtu mzima mwenye bisibisi mfukoni anaandika shajara. Kazini nashinda na friji za watu, na friji hata uisimulie nini, itanguruma tu. Nyumbani mimi ni mkwe. Mama wa mke wangu alikuja kutusalimia wiki mbili, na sasa salamu zinaingia mwaka wa pili. Mkwe mwenye adabu habishani na mama mkwe, basi maneno niliyokuwa nayameza yakaanza kunipa kiungulia. Daftari la karatasi kwetu haliwezekani, maana nyumba ina vyumba viwili, droo moja, na kila aliyemo ana macho. Ndipo nikaamua kuficha mambo yangu mahali ambapo mtu wa nyumbani hatafika, yaani mbele ya dunia nzima.

Kwa tahadhari sikumtaja mama. Nilimwita "mwenye nyumba wangu", nikajiona mjanja kweli. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mama mkwe ameigundua shajara. Mke wangu alimnunulia simu yenye maandishi makubwa ili asome habari za hali ya hewa, naye akafika kwangu. Amepita wapi sijui, ninyi ndio mliompitisha. Sasa kila jioni anaketi kwenye kochi langu na kunisomea mambo yangu mwenyewe kwa sauti, akitaka nimhurumie huyo fundi maskini. Namhurumia. Ningefanyaje?

2. Hajijui. Hili ndilo linalonimaliza. Niliandika kwamba mwenye nyumba huzima friji kila akienda kulala, eti ipumzike, na mimi fundi naamka nakuta maziwa yamekatika. Mama alisoma, akapiga paja, akasema huyo mwanamke ana roho mbaya. Kisha akainuka akaenda kuzima friji yetu. Alipoona namtazama akanieleza kwa upole kwamba yule anazima kwa uchoyo, yeye anazima kwa huruma.

3. Ananishauri. Huandika maoni kwa jina la Bibi Shupavu, akitamka kila neno huku anabonyeza, nami nimekaa kiti cha pembeni yake. Alinishauri nimfiche mwenye nyumba rimoti ili akome kubadilisha chaneli. Mkubwa akisema, unafuata. Nikaificha kwenye sanduku la vifaa. Mama aliitafuta jioni nzima, akapindua mito ya kochi, akamshuku paka wa jirani. Kesho yake akaniandikia hongera kwa kumkomesha yule bibi, akaongeza kwamba hata anapoishi yeye vitu vinapotea kiajabu. Halafu akanishauri ninyamaze kabisa: mwenye nyumba akinisalimu, nikohoe tu. Nikakohoa. Nilikohoa mpaka mama akanishika paji la uso, akanichemshia tangawizi na kusimama pale pale kuhakikisha nimemaliza kikombe. Sasa huo ni ushindi wa nani?

4. Amenipokonya wasomaji. Siku hizi hawaulizi fundi anaendeleaje, wanamuuliza Bibi Shupavu afanyeje. Kuna mmoja amemwomba ushauri juu ya dada yake. Mimi mwenye shajara nikijibu, naambiwa nisimkatize mama wa watu.

5. Na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bibi Shupavu ametangaza kwamba uvumilivu umemwisha. Anataka nimpe anwani ili aje mwenyewe amkabili mwenye nyumba uso kwa uso, na tayari wamejitokeza wa kumsindikiza. Ndugu zangu, akiipata anwani hiyo, mama atavaa viatu, atatoka nje, atageuka, na kubisha hodi kwenye mlango aliotokea. Hapo ataelewa yote. Ana maneno makali, lakini moyo wake ni mwepesi, na atalia. Sitaki alie. Kumlalamikia nilitaka, kumuumiza sikutaka hata kidogo.

Kwa hiyo naomba muweke sheria kwamba shajara isisomwe na mtu yeyote anayehusiana na mwandishi kwa ndoa. Anayeifungua aulizwe kwanza kama ana binti, kama binti ameolewa, na mumewe ana kazi gani. Akitaja friji, simu izime. Hilo likiwashinda, nielekezeni panapovuja nije kupaziba mwenyewe, maana kuziba gesi ndiyo kazi yangu.

Nawatakia mitambo isiyopata joto. Nisalimieni mkubwa wenu, anayewachemshia chai, anayefagia, na wakwe zenu wote, hasa mnaoishi nao nyumba moja.

Ni mimi, mwenye kuwategemea,
Fundi Friji

N.B. Kabla sijaituma barua hii nimefungua shajara, kwa sababu jioni ya leo mama hakusoma kwa sauti. Bibi Shupavu ameandika kwamba hataki tena anwani. Anasema habari za yule mwenye nyumba zimemfanya ajitazame, maana na yeye anaishi kwa watu. Ana mkwe, anasema, kijana mpole ambaye hajamlalamikia hata siku moja, na huenda naye ana yake moyoni. Jumamosi anarudi kwake kabla hajachokwa. Mwishoni ameandika kwamba ananiombea, na ameniita mwanangu.

Basi futeni yote niliyoyasema hapo juu. Asizuiwe mtu. Nimeandika andiko jipya, kwamba mwenye nyumba wangu ni mtu mwema, kwamba mengi nilitia chumvi, na kwamba asipokuwepo nyumba haikaliki. Tafadhali liwekeni juu kabisa, kwa herufi kubwa kupita zote, kwa sababu miwani ameshaifungasha. Najua ningeweza kumwambia kwa mdomo, yuko chumba cha pili. Nimeshaenda mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kumuuliza kama anataka maji ya kunywa. Sasa ana glasi mbili zimejaa mezani, na sanduku limeshafungwa. Fanyeni haraka.